Kununua monita Luthuli bila kujuta

Kama unaenda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta monita ya kazi, beba laptopu yako na kebo ya HDMI ya kuiunganisha na skrini, usikubali kuonyeshwa tu ile video ya duka ya rangi kali, hiyo hufanya kila skrini ikae poa. Fungua picha nyeupe tupu halafu nyeusi, angalia kona kwa kona kama kuna kadoti kamegoma kubadilika rangi ama mwanga unavuja pembeni.

Inchi 24 ya pikseli (vile vidoti vya picha) 1920 kwa 1080 inatosha ofisi, lakini ukipanda 27 na pikseli zilezile herufi zinaanza kuonekana si laini, hapo tafuta 2560 kwa 1440. Paneli, yaani kioo chenyewe, chukua IPS, ile aina inayoshika rangi hata ukitazama kwa pembeni. Za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, ziko sawa, ila zingine zina tundu la zamani la VGA pekee, na stendi ikikataa kupanda na kushuka waambie wapunguze bei.