Pima kitambi kwa uzi, si kwa mizani

Mizani haikuambii mafuta yamekaa wapi mwilini. Chukua uzi usiovutika, upime kimo chako kuanzia utosini hadi kisiginoni, ukate, kisha uukunje katikati. Toa pumzi kawaida, halafu uzungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Si pale unapofungia mkanda. Wengi tunaufunga chini ya kitambi! Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo, na hatari ya kisukari cha aina ya 2, presha na magonjwa ya moyo imeanza kupanda. Mafuta yanayozunguka ini na viungo vingine vya ndani huufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, zaidi kuliko yale ya mapajani na makalioni. Kwa hiyo hata mwenye uzito wa kawaida anaweza kukuta uzi haufiki. Usikitumie kipimo hiki kwa mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, wala mtu aliyejaa maji tumboni kwa ugonjwa. Uzi ukifika pia haimaanishi uache kupima presha na sukari. Huo hauoni damu.