Somo: Kutoa nyimbo kwenye CD kwa kutumia Debian (mfumo wa Linux)

Ukichomeka CD ya muziki halafu mount (amri ya kufungua diski) ikakataa, usidhani CD ni mbovu. Ndani yake hamna faili hata moja. Kuna sauti tupu iliyopangwa mfululizo: sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16, chaneli mbili. Ndiyo maana cp, amri ya kunakili faili, haisaidii. Tutatumia cdparanoia, programu ya kusoma CD za muziki. Ni ya zamani na haina haraka, lakini inasoma kwa kurudiarudia na kulinganisha ilichopata, na mimi siibadilishi kwa nyingine.

Hatua ya 1: Weka programu: cdparanoia, flac (inabana bila kupoteza sauti) na lame (inatengeneza MP3).

sudo apt install cdparanoia flac lame

Hatua ya 2: Angalia orodha ya nyimbo.

cdparanoia -Q

Ikisema haina ruhusa ya kufungua kiendeshi, jiongeze kwenye kundi la cdrom (sudo adduser jinalako cdrom), kisha toka na uingie upya.

Hatua ya 3: Tengeneza folda, ingia ndani yake, anza kusoma.

cdparanoia -B

Andaa nafasi ya kama MB 10 kwa kila dakika ya muziki. Wakati inasoma utaona kisura kinatabasamu, :-), maana yake mambo shwari. Cha kuogopa ni herufi V kwenye mstari wa maendeleo: hapo kipande kimeshindikana. Futa CD kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, usizungushe, kisha rudia wimbo huo peke yake, mfano wa saba:

cdparanoia -B 7

Hatua ya 4: Bana bila kupoteza sauti, halafu hakiki.

flac -8 *.wav
flac -t *.flac

Usifute WAV (faili za sauti isiyobanwa zilizotoka kwenye CD) kabla amri ya pili haijakwambia ok kwa kila faili.

Hatua ya 5: Andika majina.

metaflac --set-tag="TITLE=Jina la wimbo" track01.cdda.flac

Inachosha, najua. Ipo programu ya abcde inayoweza kukutafutia majina MusicBrainz, hifadhi ya majina ya nyimbo mtandaoni, ila CD isiyokuwemo humo utaandika kwa mkono tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa nini tusiende MP3 moja kwa moja? FLAC inamaliza nafasi kwenye simu.

Jibu: Ya simu itoe kwenye FLAC:

flac -dc wimbo.flac | lame -V2 - wimbo.mp3

CD ikija kuchakaa, bado utakuwa na sauti kamili ya kutengenezea nyingine.

Swali: Nina CD niliyochomewa mtaani, ina nyimbo 120. cdparanoia haiitaki kabisa.

Jibu: CD ya muziki mwisho wake nyimbo 99. Hiyo ni CD ya data yenye MP3, kwa hiyo:

sudo mount /dev/sr0 /mnt

Kisha nakili kama flashi. Usihangaike kuzigeuza FLAC. Sauti iliyokwisha kukatwa hairudi.

Swali: Kaka, wimbo wa nne umeganda tangu asubuhi, nifanyeje?

Jibu: Mkwaruzo huo. Bonyeza Ctrl-C, jaribu kiendeshi kingine; vinatofautiana sana kwa kusoma mikwaruzo. Ikishindikana kabisa, cdparanoia -Z -B 4 inazima ukaguzi wote. Itamaliza, ila tegemea kusikia mikatiko.