Jinsi ya kuwafundisha watoto maisha ya pwani ya kale kwa kuwapeleka shamba (walioko Tanga)

Ukitaka mtoto wa miaka 6 au 7 aelewe watu wa huku waliishije miaka 600 iliyopita, usianze na magofu, anza na shamba. Tongoni, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, pazuri sana ila ukimshusha mtoto pale moja kwa moja anaona mawe tu, muda si mrefu anauliza soda iko wapi.

Tafuta shamba la kawaida tu lenye minazi, migomba, kunde, muhogo na kuku wanaozurura. Ongea na mwenye shamba mapema akuwekee mtama kidogo, kinu na mchi, ungo, na makumbi ya nazi yaliyokwisha kulowekwa yakalainika, maana makavu hayapigiki watoto watachoka bure. Mfike asubuhi, saa mbili hivi.

Kwanza chezeni mwenyeji na mgeni. Mnapita shambani, kila mmea unawauliza huyu alikuwepo enzi zile au kaja baadae? Mtama, ulezi, kunde na njugu mawe wenyeji, mnazi na mgomba nao walishakuwepo zamani. Sasa njoo kwa mahindi, muhogo, nyanya, karanga, maharage, papai, nanasi, korosho, wote hao asili yao Amerika, huku wamefika baada ya Wareno kuanza kupita, na Vasco da Gama kapita pwani hii 1498. Hapo watoto wanashtuka kweli, yaani ugali wa sembe umetoka, kisamvu kimetoka, nyanya ya mchuzi imetoka, sa walikula nini? Waache wabishane wenyewe, usiwahi kuwajibu. Mkonge mtakaouona njiani ndo wa juzi kabisa, umeletwa 1893.

Halafu kazi. Watwange mtama kwa zamu, wapepete, waone unga unaopatikana ni kiganja tu baada ya jasho lote lile, ndo mpike uji kwenye chungu kwa kuni, mtie tui la nazi. Hapa msiharakishe hata kama ratiba imeharibika, mtoto aliyetwanga huna haja ya kumhubiria kwamba maisha yalikuwa magumu.

Uji ukiwa jikoni wengine wapige makumbi mpaka nyuzi zitoke, wasokote kamba pajani. Waambie kamba za namna hii ndo zilishona mitepe, vyombo vya baharini visivyo na msumari hata mmoja. Kwenye kamba ndefu fungeni mafundo 24, kila fundo ni mzazi mmoja kurudi nyuma, mama, bibi, mama yake bibi, ukikadiria miaka 25 kila fundo unapata 600. Namba mtoto haimwingii, mafundo anayashika.

Sasa ndo mwende Tongoni, barabara ya Pangani, kama kilomita 17 kutoka mjini. Waonyeshe kuta za matumbawe na chokaa, chokaa yenyewe matumbawe yaliyochomwa, na zile nguzo za makaburi zenye vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kutoka ng'ambo. Marufuku kupanda juu ya makaburi, liseme hilo kabla hawajashuka kwenye gari.

Chakula bebeni ndizi na madafu. Atakayelilia chipsi mayai mwambie yai ruksa, kuku alikuwepo, viazi ndo wageni.