SOMO: GDB ndani ya Vim haisimami unapotaka? Soma hapa kabla ya kunifuata inbox

Wakuu, GDB ni debaga, yaani programu ya kutafutia makosa kwenye kodi, na Vim ni kihariri cha maandishi. Swali ni lile lile kila siku: "debaga imeharibika." Haijaharibika. Mara nyingi umeipa programu ya zamani, au isiyo na taarifa za kudibagi. Natumia Ubuntu, na mfano wetu ni dagaa.c, kijiprogramu cha kujumlisha kilo zinazoshushwa mwalo wa Kibirizi, Kigoma.

1. Sakinisha: sudo apt install vim gdb. Kisha vim --version. Usipoiona +terminal, unatumia Vim ndogo, usiendelee. GDB iwe 7.12 kwenda juu.

2. Kompaili (geuza kodi iwe programu): gcc -g -O0 dagaa.c -o dagaa

Hapa tutulie. Bila -g, GDB inasema "No debugging symbols found", na watu wanaupita ujumbe huo kama bango la barabarani. Ukiweka -O2, kompaila inapanga upya kazi yako: mshale unarukaruka mistari, na ukiuliza thamani unajibiwa <optimized out>. Mtego mkubwa uko kwa wanaotumia make, chombo kinachokukompailia. Umeongeza -g kwenye CFLAGS (orodha ya maagizo kwa kompaila), ukaandika make, ikajibu kila kitu kiko sawa. Make inaangalia muda wa mafaili tu. Haijui kwamba umebadili CFLAGS. Andika make clean kwanza, halafu make. Na ukihariri dagaa.c bila kukompaili upya, debaga itakuonyesha mistari mipya huku ikiendesha programu ya jana. USILALAMIKE kwamba imesimama mstari usio wake.

3. Ndani ya Vim: :packadd termdebug, halafu :Termdebug dagaa. Yanafunguka madirisha matatu: la GDB, la programu, la kodi.

4. Kwenye dirisha la kodi, weka kasa (alama ya mahali unapoandika) kwenye mstari, :Break kuweka kituo cha programu kusimama, kisha :Run kuiendesha.

5. :Over kwenda mstari unaofuata, :Step kuingia ndani ya fankisheni, :Continue kuendelea. Bonyeza K juu ya kigeugeu (variable) uone thamani yake.

MASWALI

Mwanga_Boy: Mkuu yangu imeganda. Msaada haraka.
— Imeganda hatua ya ngapi? Ujumbe gani?

Mwanga_Boy: Imeganda tu, naandika kilo haijibu.
— Unaandikia dirisha gani? scanf, inayosoma unachoandika, inasubiri kwenye dirisha la programu, wewe unahangaika na la GDB. Andika :Program, halafu weka kilo zako.

Binti wa Ujiji: Shikamoo kaka. Nimefuata yote, imekubali. Ila nikipita printf kwa :Over, maneno hayatokei hapo hapo. Kwa nini?
— Marahaba dada, swali zuri. Maandishi yanawekwa kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda), na kwenye tamino (terminal) bafa inamwagwa ikikutana na \n, alama ya mstari mpya. Printf yako bila shaka haina \n mwishoni. Iongeze, au weka fflush(stdout); chini yake. Na ukikompaili upya huna haja ya kufunga GDB: andika :Run tena, itasoma programu mpya na vituo vyako vitabaki.

Kaka_Fundi: -g ni lazima?
— Hatua ya 2.

Kaka_Fundi: Nimeuliza kistaarabu tu mkuu.
— Nami nimejibu. Hatua ya 2.

Mzee wa Katonga: Nataka kuishika programu ambayo tayari inakimbia. GDB inasema ptrace: Operation not permitted.
— Ubuntu inazuia hilo kwa makusudi, mzee wangu. sudo sysctl kernel.yama.ptrace_scope=0, ukimaliza irudishe kuwa 1. Usiiache wazi kwenye mashine ya ofisi.

Binti wa Ujiji: Na umeme ukikatika katikati ya kuhariri?
— vim -r dagaa.c, itakurudishia sehemu kubwa. Kagua, hifadhi, halafu futa faili la .swp (nakala ya muda ya Vim), la sivyo litakuuliza kila ukifungua. Mwenye bando dogo, :help terminal-debug iko ndani ya Vim yenyewe, haihitaji intaneti.

Mwanga_Boy: Imekubali mkuu. Sasa jumla inatoka hasi.
— Fungua uzi mwingine. Na weka kodi kama maandishi, si picha ya simu.