Kupiga picha mawe ya kale ya Ayalandi: anzia Mbaraki

Kabla sijapanda ndege kwenda kwa dada yangu Drogheda, Ayalandi, nilikwenda Mnara wa Mbaraki, ule wa matumbawe hapa Mombasa, jioni nne mfululizo. Nilisimama mashariki yake nikalingoja jua litue nyuma ya yale matumbawe. Fanya hivyo nawe, maana jua la kwetu huzama wima, kama ndoo kisimani. Mahali pamoja panatosha.

Ayalandi hapatoshi. Jua la Desemba kule hupita chinichini, likichomoza au likizama huwa linakwenda mshazari kuelekea kulia. Likikuponyoka nyuma ya jiwe, jivute kushoto hatua mojamoja na litarudi. Hilo ndilo jambo lililoniokoa safari nzima, na ndiyo sababu nasema stendi ya kamera iwe nyepesi.

Newgrange ni kaburi la takriban mwaka 3200 KK. Juu ya mlango kuna kidirisha cha mawe, na siku za karibu na Desemba 21, saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi, mwali wa jua hupita humo, ukafuata njia ya mita 19 hadi chumbani. Hukaa kama dakika 17. Michael O'Kelly, aliyekuwa akipachimba, aliushuhudia mwaka 1967. Wanaoingia asubuhi hizo hupatikana kwa kura, na katika ziara za kawaida ndani hakupigwi picha. Usisikitike. Kazi kubwa iko nje, kwenye jiwe la mlangoni lililochongwa mizunguko.

Jiwe hilo linatazama kusini-mashariki. Asubuhi jua hulipiga usoni na michoro yote inalala, kama mlango wa Mji wa Kale ukipigwa picha kwa flashi. Chukua zamu ya mchana, baada ya saa saba. Mwanga ukitokea ubavuni, kila mfereji unashika kivuli chake. Nilihesabu hata alama za kugongagonga. Usipake chaki wala maji ili michoro ionekane. Jiwe limekaa miaka elfu tano, tuliheshimu.

Jua la machweo lifuate Drombeg, duara la mawe ya kale kule Cork. Simama kati ya mawe mawili marefu ya mlango, uelekee lile lililolala upande wa pili.

Baridi sasa. Mombasa lenzi huvaa ukungu ukitoka chumba chenye ac. Kule ni ukiingia ndani. Siku ya kwanza nilipoteza saa nzima nikiingoja ikauke. Ifunge kamera kwenye mfuko wa nailoni ungali nje, uifungue ikishapata joto la nyumba.

Usiku nenda Poulnabrone, kaburi la kale la mawe yaliyobeba bapa, kule Clare. Lenzi ya milimita 24, f/2.8, ISO 3200, sekunde 15. Ukitaka nyota zichore duara, geukia kaskazini: ile nyota ya kaskazini tusiyoiona Mombasa imesimama juu, kupita kidogo nusu ya njia ya kwenda utosini. Lakini mimi niligeuka kusini. Babu yangu, nahodha wa jahazi, alinifundisha kukitafuta Kilimia, lile kundi dogo la nyota, na kwetu kikifika juu mbinguni huwa upande wa kaskazini. Poulnabrone kilikuwa kusini, kimo kilekile. Simama kaskazini ya mawe, piga magoti hadi kamera iwe chini ya lile bapa la juu, ukiweke Kilimia juu yake. Desemba hufika hapo kama saa nne usiku.