Jinsi ya Kuandika Historia ya Duka la Zamani la Mji Mdogo

Katika miji midogo mingi ya Tanzania, Kenya na Uganda, jengo kongwe ambalo si la serikali wala la dini huwa ni duka: paa la bati, baraza pana mbele, milango mizito ya mbao ya mabawa mawili, stoo ya magunia upande mmoja na makazi ya familia uani. Mwongozo huu unamhusu mwalimu, mwanafunzi au mkazi yeyote anayetaka kuliandikia historia duka la namna hiyo kabla halijabomolewa kupisha ghorofa. Msimamo wake ni mmoja: historia ya duka si maisha ya mwenye duka, bali ni maafikiano yaliyofanyika juu ya kaunta yake, yaani nani alimwamini nani, kwa kitu gani na kwa masharti yapi.

Anza kwa kujua duka lilifuata nini hadi likafika hapo. Maduka hayakuota ovyo. Ya kwanza bara yalifuata njia za misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na Allidina Visram, aliyeanzia kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, alitandaza matawi yake katika njia hizo kabla ya kuifuata reli ya Uganda iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilizaa maduka mengine kwenye stesheni zake. Kwingine sababu ilikuwa kinu cha pamba, mgodi, shamba la mkonge au ofisi ya mkuu wa wilaya. Ukishaijua sababu hiyo utajua pia wateja wa mwanzo walikuwa nani, kwa maana duka la kibarua wa mkonge na duka la mkulima wa kahawa hayakuuza kwa utaratibu mmoja hata kama yote mawili yalikuwa na chumvi, kibiriti, kaniki, majembe na mafuta ya taa.

Kisha lisome jengo lenyewe. Tazama paji la uso wake, kwa kuwa wajenzi wengi waliandika mwaka wa ujenzi juu ya mlango. Pima baraza na uchore ramani yake, ukionyesha palipokaa cherehani ya fundi, mizani na benchi la wazee. Piga picha rafu, ndoana za darini na maandishi ya ukutani, hata yale ya utani kama "Kukopa harusi, kulipa matanga", ambayo yalikuwa tangazo la sera ya fedha kuliko mabango mengi ya leo.

Kazi kubwa iko kwenye madaftari, na hapa usiharakishe. Omba kwa adabu kuyaona, na usiyaondoe mahali yalipo. Piga picha kila ukurasa kwenye mwanga wa mchana, pamoja na jalada na kurasa tupu. Wenye duka wenye asili ya Gujarat na Kutch waliandika hesabu zao kwa Kigujarati katika vitabu virefu vya jalada jekundu. Waarabu waliotoka Oman na Waswahili wengi waliandika kwa herufi za Kiarabu. Mtafute mzee anayezisoma hati hizo akae nawe, badala ya kubahatisha. Angalia tarehe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Kitabu cha Kigujarati kinaweza kutumia kalenda ya Vikram, ambayo mwaka wake huanza baada ya Diwali na hutangulia kalenda ya kawaida kwa miaka 56 au 57, hivyo "2000" iliyoandikwa humo ni mwaka ulioanza mwishoni mwa 1943. Vitabu vingine hufuata mwaka wa Hijria. Vivyo hivyo kwa vipimo: pishi ni vibaba vinne, ratili ni pungufu kidogo ya nusu kilo, frasila ni takriban kilo 16. Kwa duka la bara, bei iliyo katika rupia inakuambia kwamba uko kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Ukishaweza kusoma, fuatilia mkopo. Orodhesha madeni mwezi kwa mwezi, na katika mji wa wakulima tazama kama yanapanda wakati wa palizi na kushuka baada ya mavuno. Ikiwa ndivyo, una ushahidi wa maandishi kwamba duka ndilo lililoibeba wilaya katika miezi ya njaa, na pia kwamba ndilo lililokuwa na ahadi ya mazao kabla hayajakomaa. Tazama nani alimdhamini nani, na madeni gani yalifutwa kwa msiba. Wafanyabiashara wenyewe nao walikopa: mwenye duka la kijijini alichukua bidhaa kwa mali kauli, yaani kulipa baada ya kuuza, kutoka kwa muuza jumla wa mji mkubwa, naye muuza jumla huenda alidaiwa Zanzibar, Mombasa au Bombay. Mnyororo huo ukikatika pwani, sukari ilikosekana bara.

Majina ya wadaiwa usiyachapishe. Wajukuu wao wapo, na deni la babu halikuwa lako kulitangaza. Tumia kazi na kijiji cha mtu, mathalani "mchunga ng'ombe mmoja wa upande wa mtoni". Tanzania na Kenya zote zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya 2022 na ya 2019, lakini heshima ingetosha hata bila sheria.

Katika mahojiano, familia ya mwenye duka ije mwisho. Waanze wateja wazee, fundi cherehani, mpishi, mbeba magunia na utingo wa basi aliyeleta mizigo. Swali la "duka lilikuwa na umuhimu gani?" huzaa hotuba. Uliza kitu kinachoshikika: "Shikamoo bibi. Kanga yako ya kwanza ilinunuliwa wapi, na nani aliilipia?" Au: "Mzee, barua za kaka yako aliyekuwa mjini zilifikia sanduku la posta la nani?" Katika miji mingi jibu la swali la pili ni sanduku la mwenye duka, aliyepokea barua za watu wasio na sanduku na wakati mwingine kuwasomea. Uliza nani alikuwa na redio ya kwanza, fedha za kuuza ng'ombe ziliwekwa kwa nani kabla ya benki kufika, na watoto waliotumwa kununua walipewa nyongeza gani.

Usiache upande mchungu, maana wazee wenyewe hawajausahau. Duka hilohilo lililokopesha ndilo mara nyingi lililonunua mazao kwa bei liliyoipanga lenyewe. Katika Kanda ya Ziwa, malalamiko ya wakulima wa pamba juu ya mizani za wanunuzi yalichangia kuzaliwa kwa vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani aliviongoza na ambavyo viliungana chini ya Victoria Federation mwaka 1955. Kwa hiyo ukikuta mizani ya zamani ipige picha, lakini uliza pia nani alisimama upande gani wake.

Baada ya uhuru, tafuta miaka ambayo duka lilibadili mikono. Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara mwaka 1967 iliyowazuia wasio raia kuuza katika maeneo fulani. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwaka huohuo, ikataifisha majengo mengi ya kupangisha mwaka 1971, na mwaka 1976 ikaendesha Operesheni Maduka ili maduka ya vijiji yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda mwaka 1972. Muulize aliyelipokea duka na aliyelipoteza, kila mmoja peke yake. Kwa maoni yangu, sura ya foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kazi ya duka, kwa kuwa watu hukumbuka kwa undani kile kilichokoma. Duka dogo la mtaani la leo, ambalo mtoto wa Tanzania huliita "kwa Mangi", nalo liingie, kama sura fupi ya mwendelezo.

Unapoandika, panga habari kwa shughuli na si kwa vizazi vya familia: mkopo, mazao, barua, ushonaji, habari za mji. Linganisha tarehe za mdomo na leseni au ramani za viwanja zilizoko halmashauri au katika nyaraka za taifa, na pale zinapopingana andika zote mbili. Soma rasimu mbele ya waliokuhadithia kabla ya kuichapa. Nakala moja iachie familia, nyingine shule ya karibu, ya tatu maktaba ya mkoa, na picha za madaftari zihifadhiwe mahali pawili tofauti, kila faili likiwa na jina la duka, mwaka na nambari ya ukurasa.