Fikasi kwenye chungu barazani: jinsi ya kuutunza bila kuusumbua

Mti unaouona kwenye baraza nyingi ni fikasi, ule wenye majani madogo yanayong'aa na matawi yanayoinama, jina la kitaalamu Ficus benjamina. Asili yake ni Asia na kaskazini mwa Australia na huko ukiwa ardhini unapita mita 20, kwahiyo usishangae ukianza kutafuta dari. Uko kijani mwaka mzima. Shida yake ni moja tu, haupendi kuhamishwahamishwa, na fikasi nyingi zinakufa kwa kuhangaikiwa kuliko kwa kusahauliwa.

Anza na sehemu kabla hujawaza chungu. Unataka mwanga mwingi, jua la asubuhi ni poa, ila lile kali la mchana linababua majani kama mti ulikuwa kivulini kule kitaluni, uzoeshe taratibu kwa wiki mbili tatu. Na pasiwe na upepo mkali, pia kama kwenu baridi inashuka chini ya nyuzi 10 uingize ndani.

Sasa ukishaufikisha nyumbani, siku chache tu majani yanaanza kupukutika, wakati mwingine nusu nzima, na hapa ndo watu wanapouua. Mtu anaona majani chini anadhani ni kiu, anamwaga maji, yanazidi kudondoka, anausogeza kona nyingine, basi mti unaanza upya kabisa. Kinachotokea ni kwamba majani yaliyoota juani na yaliyoota kivulini hayafanani, ya juani ni manene, ya kivulini ni membamba, na jani likishakomaa halibadiliki tena, kwahiyo mwanga ukibadilika mti unatupa ya zamani unaotesha mengine yanayofaa hapo ulipouweka. Acha. Ukiwa na wasiwasi kwaruza gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake mti uko hai, rudi kafanye shughuli zako.

Chungu lazima kiwe na matundu chini, hilo halina mjadala. Ila ile habari ya kujaza kokoto chini eti maji yapite vizuri iacheni jamani, maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama hapo juu yake mpaka udongo ulowe kabisa, yaani umeisogeza tope karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu, inatosha. Saizi nayo, chungu kizidi bonge la mizizi kwa sentimita 5 hivi tu, kikiwa kikubwa sana udongo wa pembeni unakaa na maji ambayo hayana wa kuyanywa, mizizi inaoza. Cha udongo wa kuchoma ni kizito, upepo haukiangushi ila kinakauka haraka, cha plastiki ni kinyume chake. Udongo wa bustani mtupu unashikana kama tofali, mimi nachanganya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyooza vizuri na moja ya mchanga wa chengachenga.

Maji usiyapangie siku! Chomeka kidole, juu pakiwa pamekauka sentimita 3 hadi 5 ndo unamwagilia, na ukimwagilia mwaga mpaka yatoke chini halafu yamwage yaliyobaki kwenye sahani. Mbolea NPK (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyusha, nusu ya kipimo cha kwenye paketi, mara moja kwa mwezi wakati unachipua, ukiwa umetulia usiupe. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo hizo ni chumvi za mbolea, pitisha maji mengi zioshwe.

Kupogoa ni rahisi, kata juu kidogo ya pale jani linapoota na hapo patachipua. Vaa glavu maana utomvu ule mweupe unawasha ngozi, na paka au mbwa akitafuna majani anaweza kutapika. Kama ulinunua ule wenye mashina yaliyosukwa, kagua kama kuna kamba au waya umebaki umekaza, toa, la sivyo utakata shina lenyewe likinenepa.

Wadudu wa kuangalia ni vidung'ata (wale kama pamba kwenye makwapa ya majani), magamba (wadudu wanaojibana kwenye shina na majani kama vigamba vidogo), na utitiri, vijidudu vidogo sana ambavyo vinapenda hewa kavu. Futa na kitambaa chenye maji ya sabuni laini, chini ya majani hasa, rudia kila wiki mpaka waishe.

Kila miaka miwili au mitatu utoe uone mizizi. Ikiwa inazunguka duara unahamia chungu kikubwa kidogo, au kama huna nafasi punguza robo ya mizizi ya nje, punguza na matawi kiasi, weka udongo mpya urudishe kwenye chungu kilekile. Na chungu kisikae moja kwa moja kwenye ardhi, kinyanyue juu ya matofali, maana mizizi ya fikasi inatokea kwenye tundu inashika chini, na ikishakolea inaweza kuinua sakafu na kupasua mabomba.